Kutoka Jampa hadi Mti wa Vifaa: Historia ya Rejista za Chipu

Soko la Kenyatta, lililo kando ya Mbagathi Way jirani ya Hospitali Kuu ya Taifa ya Kenyatta, linajulikana Nairobi nzima kwa nyama choma na kwa wasusi wake. Humo pia, kama katika masoko mengine ya mji huu, wamo mafundi wa simu. Miongoni mwa kazi zinazowafikia mafundi wa aina hiyo ni simu iliyopigwa flashi ikarudi na ila ya ajabu: inawaka vizuri, sauti inatoka, lakini skrini haishiki mguso, au kamera inaonyesha watu miguu juu. Hakuna kilichoungua, na programu yenyewe haina kasoro. Simu imeingizwa faili linaloeleza bodi nyingine, ya toleo pacha lenye skrini ya kiwanda kingine, na kichakataji kinaamini kilichoandikiwa. Maelezo hayo, ambayo mwenye simu hayaoni kamwe, yana umri mkubwa kuliko simu zote za sokoni. Yalikaa kwanza vichwani mwa wahandisi na katika vitabu vyao, yakahamia kwenye vidude vya plastiki, yakazama ndani ya msimbo, na mwishowe yakapewa faili lao liitwalo mti wa vifaa.

Mzizi wa habari yote ni rejista, sehemu ndogo ya chipu inayoshika namba moja. Kichakataji hakijui taa wala kamera. Kinajua kuandika namba kwenye anwani fulani na kusoma namba kutoka anwani nyingine. Mwaka 1970 kampuni ya Digital ya Marekani ilitoa kompyuta ya PDP-11, ambamo rejista za vifaa zilipewa anwani katika safu ileile ya kumbukumbu, zikitengewa sehemu ya juu kabisa. Ukiandika kwenye anwani hii, herufi inapigwa kwenye karatasi; ukisoma ile, unapata herufi iliyobonyezwa. Mpango huo uliwazidi nguvu wapinzani wake, na ndio unaotumika hadi leo ndani ya karibu kila chipu ya simu. Nairobi ya miaka hiyo ilikuwa na kompyuta chache kubwa, zikiwemo za kampuni ya Uingereza ya ICL zilizotumika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mashine zikiwa haba kiasi hicho, swali la nani anajua kifaa kipi kiko anwani gani halikuwa na uzito: aliyejua alikuwa na kitabu, na kitabu kilikaa kabatini karibu na mashine.

Uzito ulikuja na wingi. IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi Agosti 1981, na viwanda vya Asia vikaanza kuiiga, yeyote aliweza kununua kadi na kuichomeka. Kadi ile haikusema jina lake. Bandari ya kwanza ya mfululizo ilikaa anwani 3F8 na kutumia mkatizo (ishara ya kukiita kichakataji) wa 4. Kadi ya sauti ya Sound Blaster ilikaa 220. Na kadi mbili zikigombea nafasi moja, zote mbili zilinyamaza. Dawa ilikuwa jampa, kipande cha plastiki chenye chuma ndani, kinachovikwa juu ya pini mbili ili kuiambia kadi ihame. Katika miaka ya 1990, kompyuta za kuungaunga zilipozagaa Nairobi, fundi alikuwa mtu mwenye kibano mkononi na namba hizo kichwani. Maelezo ya mashine yalikuwa maarifa ya mtu, na mtu akihama, yalihama naye.

Muongo uleule wa 1990 ulikuza njia mbili za kumpumzisha fundi huyo, na historia iliyofuata ni ya jinsi njia hizo zilivyoachana. Ya kwanza ilikuwa PCI, iliyotolewa na Intel mwaka 1992. Anayeingia Soko la Kenyatta kutafuta msusi hahitaji ramani: ataitwa kabla hajafika, na kila anayemwita atamtajia nambari ya kibanda. Kadi ya PCI ndivyo ilivyo. Ikiulizwa, inataja namba ya kiwanda chake, aina yake na ukubwa wa nafasi inayoitaka, kisha mfumo unaigawia anwani. Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba wakaongeza ACPI, majedwali ambayo mtengenezaji wa kompyuta huyaacha ndani ya mashine ili yaeleze yale yasiyoweza kujitaja. Kompyuta za mezani na za mapajani zimeishi kwa mpango huo hadi sasa, na jampa zikapotea bila mtu kuzililia.

Njia ya pili ilianzia kampuni ya Sun huko California mwishoni mwa miaka ya 1980. Mhandisi Mitch Bradley aliandika programu ya kuwashia mashine iliyoitwa OpenBoot, ikatumika katika kompyuta za SPARCstation, na ndani yake aliweka maelezo ya mashine kwa umbo la mti. Shina ni mashine nzima. Matawi ni njia za mawasiliano. Kila kifaa ni nodi yenye sifa zake. Sifa iitwayo "reg" inataja anwani na urefu wa eneo la rejista, na "compatible" inataja jina ambalo draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, italitambua. Mwaka 1994 mpango huo ukawa kiwango rasmi cha IEEE chenye namba 1275. Apple waliuchukua kwa mashine zao za PowerPC. Ulikuwa mpango wa kifahari, wa mashine za bei kubwa, na aliyeutazama mwaka 1995 asingetabiri kwamba warithi wake wakuu watakuwa simu za bei ya chini kabisa dukani.

Wakati huohuo Uingereza ilikuwa imezaa kitu kingine. Kampuni ya Acorn ilikuwa imewasha kichakataji chake cha kwanza cha ARM mwaka 1985, na Novemba 1990 ARM ikawa kampuni inayojitegemea, inayouza leseni za michoro badala ya chipu. Mnunuzi wa leseni aliuzungushia ubongo huo vifaa anavyotaka, kamera huku, bandari ya USB kule, vyote ndani ya kipande kimoja cha silikoni, kila kimoja kwenye anwani aliyoichagua mwenyewe. Hakuna kifaa cha ndani kilichojitaja. Kubahatisha nako kulikatazwa na umeme wenyewe: kusoma rejista ya kifaa ambacho saa yake imezimwa kunaweza kuigandisha mashine yote. Hivyo mtu aliyetaka kuwasha Linux kwenye bodi ya ARM alilazimika kuandika faili la msimbo kwa ajili ya bodi ile, akataja kila anwani kwa mkono, kisha akaiombea bodi namba katika daftari lililotunzwa na Mwingereza Russell King. Programu ya kuwashia ilimkabidhi Linux namba hiyo, na kiini cha Linux, yaani programu yake ya ndani kabisa, kikajua kimeamkia wapi.

Kwa miaka kadhaa mpango huo ulitosha. Kisha wingi wa simu za bei nafuu duniani ukauvunja, na Kenya nayo ilikuwa sehemu ya wimbi hilo. Kampuni za simu za Safaricom na KenCell zilianza biashara mwaka 2000. Juni 2009 bajeti iliondoa ushuru wa VAT kwenye simu za mkononi, na Julai mwaka huo nyaya za SEACOM zilizopita chini ya bahari zikaanza kazi Mombasa. Mapema 2011 Safaricom ikaingiza sokoni Huawei IDEOS kwa takriban shilingi 8,000, simu ya Android yenye chipu ya Qualcomm MSM7225, na kwa Wakenya wengi hiyo ndiyo Linux ya kwanza waliyoishika mkononi, wajue wasijue. Ilikuwa simu ya zama za faili za bodi: maelezo ya vifaa vyake yalikuwa yameshonwa ndani ya kiini chenyewe, na asiyekuwa na msimbo wa kiini kile hakuwa na maelezo. Kila kiwanda duniani kilikuwa kikifanya hivyohivyo. Faili za bodi zilifika mamia, namba katika daftari la King zilifika elfu kadhaa, na nyingi zilikuwa nakala za jirani zenye anwani mbili tatu zilizobadilishwa. Machi 2011 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alichoka, na akawalaumu hadharani, kwa maneno makali, wasimamizi wa ARM.

Bahati ni kwamba tiba ilikuwa imeshapikwa katika jiko la wengine. Watu wa PowerPC, wakiongozwa na Benjamin Herrenschmidt, walikuwa wamekabiliwa na shida ndogo ya namna hiyo mwaka 2005: bodi nyingi ndogo hazikuwa na programu ya kifahari ya Sun, ila walitaka mti wake. Waliutenga mti na programu. Mti ukaandikwa kama maandishi ya kawaida, ukakusanywa na zana iitwayo dtc, ambayo David Gibson ndiye aliyeianzisha, ukawa faili dogo bapa ambalo programu yoyote ya kuwashia inaweza kuliweka kwenye kumbukumbu na kumpa Linux anwani yake. Faili hilo huanza kwa baiti nne zisizobadilika, d00dfeed kwa hesabu ya kumi na sita, na anayefungua leo faili la kuwashia simu kwa programu ya kusomea baiti anaweza kuziona kwa macho. Grant Likely alibeba mpango huo hadi ARM, shirika la Linaro lililoundwa 2010 likausukuma, na Desemba 2012 kikatoka kiini cha Linux 3.7, cha kwanza ambacho nakala moja yake iliweza kuwaka kwenye chipu za ARM za viwanda mbalimbali, kila moja ikisomewa mti wake.

Miezi miwili na kitu kabla ya hapo, usiku wa tarehe 30 Septemba 2012, tume ya mawasiliano ya Kenya ilikuwa imeamuru simu bandia zizimwe kwenye mitandao yote nchini. Matukio hayo mawili hayakusababishana. Nayaweka pamoja kwa kuwa yanaonyesha njia mbili za kuitambua simu: serikali iliitambua kwa namba ya IMEI, ambayo simu bandia iliweza kuidanganya, ilhali kiini cha Linux kuanzia mwaka huo kilianza kuitambua bodi kwa maelezo yanayolazimika kuwa kweli, maana yakiwa ya uongo simu haiwaki, au inawaka na sehemu yake haifanyi kazi.

Mti ulitatua anwani za vifaa. Haukutatua rejista zisizo na mwenyewe, na hapa ndipo historia inapokuwa ngumu. Mbuni wa chipu akishamaliza kupanga bandari ya mtandao, kamera, skrini na diski, hubakiwa na biti za maamuzi ambazo si mali ya kifaa kimoja. Saa ya bandari ya mtandao itoke ndani ya chipu au nje? Kamera ipi iunganishwe na kipokezi kipi? Biti hizo hukusanywa mahali pamoja kwa sababu ya nafasi tu. Katika chipu ya i.MX6 ya Freescale zilikaa katika rejista 14 za jumla, GPR0 hadi GPR13, ndani ya kitengo cha kugawia pini kwenye anwani 0x020e0000. Biti ya 21 ya GPR1 iliamua upande wa saa ya mtandao, na ndani ya rejista hiyohiyo zilikuwemo biti za kamera. GPR13 ilibeba vipimo vya diski ya SATA. Rockchip waliliita eneo lao GRF. MediaTek walikuwa na infracfg na pericfg. Texas Instruments walikuwa na moduli ya udhibiti. Majina tofauti, desturi moja.

Kwa mtindo wa zamani kila draiva ilijichukulia. Draiva ya mtandao ilisoma rejista, ikageuza biti yake, ikairudisha. Katikati ya kusoma na kurudisha, draiva ya kamera nayo ilikuwa imeandika yake, na kazi yake ikafutwa. Kosa la namna hiyo hutokea mara moja katika kuwasha mara mia, na ndilo linalomfanya fundi aseme simu ina majini. Mwaka 2011 Mark Brown aliingiza katika Linux mpango wa regmap, unaoweka kufuli moja mbele ya kundi la rejista. Mwaka uliofuata Dong Aisheng, aliyekuwa akishughulika na i.MX6 hizohizo, akaandika draiva fupi iitwayo syscon, nayo ikaingia katika kiini kilekile cha 3.7. Namna yake ni nyepesi. Nodi moja ya mti inataja eneo lote la rejista za jumla na kujipa jina "syscon"; kifaa chochote kinachohitaji biti humo huielekeza nodi hiyo kwa kiungo; kufuli linabaki moja.

Chipu ya AM335x, iliyowekwa kwenye bodi ndogo ya BeagleBone ya mwaka 2011, inaonyesha jambo hili vizuri. Moduli yake ya udhibiti iko 0x44e10000. Ukihesabu kutoka mwanzo huo, kwenye 0x630 zinaanza rejista zinazohifadhi anwani za mtandao zilizochomwa kiwandani. Kwenye 0x650 iko rejista inayochagua jinsi bandari ya mtandao itakavyoongea na chipu ya waya. Draiva ya mtandao inazihitaji zote mbili, na hazimo ndani ya eneo la kifaa cha mtandao. Katika mti wa AM335x, nodi ya mtandao ina mstari wa kuielekeza kwenye nodi ya syscon ili anwani hizo zisomwe.

Wepesi huo ulikuwa na gharama, na naona ni gharama ambayo wahandisi waliikubali haraka mno. Mti unasema eneo liko wapi. Hausemi biti ya 21 inafanya nini. Maana ya biti ilibaki ndani ya msimbo wa draiva, sehemu ileile ambayo mageuzi ya 2011 yalikusudia kuihama. Ilipofika 2015, Linus Walleij alipoongeza jina la "simple-mfd" ili eneo kama hilo liweze kubeba nodi ndogo ndani yake, watu walikuwa wameshaanza kuita syscon kila kipande wasichotaka kukieleza. Wasimamizi wakabana: jina hilo likakatazwa kusimama peke yake, lazima liandamane na jina mahsusi la chipu, ili siku moja draiva kamili ikiandikwa ijue inashughulika na nani.

Nairobi haikuwa mbali na mageuzi haya, japo iliyapokea kwa mlango wa ruta. Machi 2010 iHub, kituo cha watu wa teknolojia, ilikuwa imefunguliwa Bishop Magua Centre, Ngong Road. Mwaka 2013 watu wa shirika la programu la Ushahidi waliokuwa hapo walichangisha kwenye Kickstarter zaidi ya dola 170,000 ili kutengeneza BRCK, kisanduku cha intaneti chenye betri, kwa ajili ya mahali ambapo stima hukatika. Kilitumia chipu ya jamii ya MIPS na mfumo wa OpenWrt, Linux ya ruta iliyoanza 2004. Chipu ya jamii hiyohiyo, Atheros AR9331, ndiyo iliyokuwa ndani ya TP-Link MR3020, ruta ndogo ya kuchomekea modemu ya 3G.

Ndani ya AR9331, kwenye anwani 0x18040028, iko rejista ya kazi za pini. Biti tano, kuanzia ya 3 hadi ya 7, huamua kama pini tano zitawasha taa za bandari za waya zenyewe, au zitakuwa huru kutumiwa na programu. Zikiachwa zimewashwa, unaandika programu ya kuzima taa na taa inakupuuza. Katika OpenWrt ya zamani, iliyoitwa ar71xx, mwandishi wa kila bodi alizizima kwa mstari wa msimbo wa C ndani ya faili la bodi yake, na ruta mpya ilimaanisha faili jipya na kiini kipya. Toleo la 19.07, lililotoka Januari 2020, lilileta ath79, ambamo eneo hilo ni nodi ya mti na uzimaji wa biti hizo ni sifa yenye 0xf8, ambayo ni biti hizohizo tano. Bodi inayotaka pini hizo ziwe huru inaitaja nodi, isiyotaka haiitaji. Kwa wenye MR3020 ya kwanza raha ilikuwa fupi: ina megabaiti 4 za hifadhi na 32 za kumbukumbu, na 19.07 ndilo toleo la mwisho lililoweza kuenea humo. Maelezo yalikuwa yamekamilika wakati kifaa kimepitwa.

Simu zilifuata kwa mwendo wao. Android 9 ya mwaka 2018 ilizitaka simu mpya ziwe na sehemu ya hifadhi iitwayo dtbo, ambamo huwekwa viraka vya mti: mti wa msingi unaeleza chipu, kiraka kinaeleza bodi, na programu ya kuwashia inaviunganisha kila simu inapoamka. Kwenye mkondo wa Linux wenyewe, Rob Herring na wenzake walianza karibu na wakati huo kuandika kanuni za nodi kwa umbo la YAML linaloweza kukaguliwa na mashine, ili "reg" yenye urefu mbovu igunduliwe kabla ya kufika kwa mtu. Kisha Google wakaifunga kazi kwa upande mwingine: simu zinazotoka na Android 12 na kiini cha 5.10 zinapaswa kutumia kiini cha pamoja kinachotoka kwa Google. Kiini kikishakuwa kimoja, tofauti za simu na simu zinakuwa zimebanwa katika moduli za kiwanda na katika mti.

Oktoba 2023 kiwanda cha EADAK kilifunguliwa Athi River, kwa ubia wa Safaricom, Jamii Telecommunications na TeleOne, kuunganisha simu kwa ajili ya soko la ndani. Kuunganisha simu si kuandika mti wake. Mti huja pamoja na bodi. Leseni ya GPL inaagiza kwamba anayegawa kiini cha Linux atoe na msimbo wake, na faili za mti hukaa humo, lakini viwanda vingi vya simu za bei nafuu huchelewa kuutoa au havitoi kabisa. Fundi anabaki na faili lililokwisha kukusanywa, alilolipata kwa kunakili simu nyingine. Zana ya dtc inaweza kulirudisha liwe maandishi, anwani zake zote zikionekana, ingawa majina ya viungo na maoni ya mwandishi yameshapotea, na maana ya biti za GRF au infracfg imo katika kitabu cha chipu ambacho hakimfikii. Kwa hiyo fundi mwangalifu, kabla hajaipiga simu flashi, huifungua kwanza mgongo na kusoma toleo lililochapwa kwenye bodi na namba iliyo kwenye utepe wa skrini, kisha ndipo anapotafuta faili linalolingana na namba zote mbili.